Bottom Line ya Kinuthia

Mtu yeyote atakayeniambia "bottom line" kabla mwezi huu haujaisha, nitamrushia kitu. Sijali ni nani. Padri alilisema Jumapili katika matangazo: bottom line ni kwamba paa la kanisa linavuja. Chifu hulisema barazani kabla watu hawajaketi. Mwenyekiti wa boda boda pale Wamagana, aliyekuwa akiruka ua akisikia somo langu linaanza, husimama juu ya jiwe na kuwaambia wenzake bottom line ni helmeti. Hata mama mboga, nilipomwomba anipunguzie nyanya, alinijibu bila kuinua macho, "Mwalimu, bottom line ni hamsini." Juu ya hiyo hamsini kulikuwa na nini? Hakuna. Watu wa huku wamechukua neno la wahasibu wakalifanya komeo. Mtu akishalitamka, mazungumzo yamefungwa na wewe uko nje.

Mimi ni mwalimu wa biashara. Nimefundisha hesabu za biashara hapa Tetu mpaka chaki imeniingia kifuani, na bottom line najua inakaa wapi. Unaandika mauzo juu. Unaanza kushuka. Unatoa gharama ya bidhaa, unatoa kodi ya duka, mishahara, stima, usafiri, hata yule mlinzi anayelala kuliko anavyolinda. Ukishatoa vyote bila kuficha hata kimoja, unapiga mstari, na kinachobaki pale chini ndiyo bottom line, faida au hasara. Ndiyo maana Waingereza wakalibeba neno hilo hadi nje ya ofisi za fedha, wakalitumia kwa ndoa, siasa na magonjwa: lile jambo kuu linalobaki baada ya mengine yote kupimwa. Baada ya yote kupimwa! Hapo ndipo watu wetu huruka.

Darasani huwa nina wanafunzi wanaofungua kurasa za mwisho za kitabu, wakanakili jibu chini ya ukurasa kwanza, halafu wakapanda juu wakitunga tarakimu za kulifikia. Hao mimi huwapa sufuri, hata jibu likiwa sahihi. Na bingwa wa mchezo huo alikuwa ndugu yangu Kinuthia, kitindamimba wa mama yetu. Nilimfundisha hesabu kwenye meza ya jikoni, naye akichungulia nyuma ya kitabu kila nilipogeuka kuchochea moto. Leo ni meneja wa fedha huko Nairobi, anakaa Ruiru, ana kitambi na gari refu. Sijui walimwajiri kwa mtihani gani.

Basi Jumatano, nikiwa katikati ya somo, simu ikatetemeka mezani. Ni Kinuthia, kwenye kikundi chetu cha familia. Aliandika: "Bottom line: Mum anahamia kwetu Ruiru Saturday. Nyumba tutafunga, shamba tumpe mtu alime. Nitakuja na mbuzi tumuage poa." Akaweka na kidole gumba. Nilisoma mara moja tu, na wasichana wa mbele wakanyamaza wakidhani nimefiwa.

Niseme mambo yalivyokuwa. Mama yetu, Njoki, anaishi kwenye nyumba aliyojengewa na baba, nami nilirudi kukaa naye baba alipokufa. Mwaka huu kichwa chake kimeanza kumkimbia. Ananiita kwa jina la shangazi yangu, na ng'ombe anamwita kwa jina langu. Mwezi wa tano alikwenda kwenye kituo cha kuuzia majani chai akapotea akirudi, kwenye njia aliyoipita maisha yake yote, na askari mmoja kijana akamleta amemshika mkono. Mwezi wa sita alitoa sufuria motoni kwa mkono mtupu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsimulia Kinuthia mambo haya, kama dada anavyomsimulia ndugu yake. Yeye akayakusanya yote akayageuza jibu.

Wasichana wa kazi nilileta. Mmoja mama alimfukuza akisema anaiba chumvi, mwingine aliondoka mwenyewe bila kungoja mshahara. Kwa hiyo asubuhi nikienda shule, mama hubaki peke yake, na jirani humtupia jicho kupitia ua. Jioni narudi. Tulikuwa tunajimudu. Ndivyo nilivyomwambia kila aliyeuliza, na asiyeuliza pia. Mtu aliyezoea kuamka akiitazama milima ya Nyandarua, utamweka ghorofani Ruiru atazame nguo za majirani zikikauka? Nilijiapiza kwamba mama haendi popote nikiwa hai, na Ijumaa nzima nilikuwa nikisema peke yangu jikoni nikijizoeza maneno ya kumpasulia Kinuthia.

Jumamosi ilikucha na ile baridi yetu ya Julai, ukungu umeshuka hadi kwenye mafiga. Kinuthia alifika na mkewe Nasirumbi, na mbuzi waliyemnunua sokoni Karatina amefungwa miguu nyuma ya gari. Nasirumbi ni binti wa Bungoma, ni muuguzi, na kwa sababu yake nyumbani kwetu huongewa Kiswahili badala ya Kikuyu akija. Hata mama hujitahidi. Kiswahili cha mama kina miguu mitatu, lakini kinatembea.

"Mwalimu, habari ya masiku?" Nasirumbi akaniamkia, akinishika mikono yote miwili.

"Njema, Mama Lynn," nikajibu. Ndugu yangu sikumsalimia. Nilimwangalia viatu, vilivyokuwa vyeupe, nikafurahi kuona matope.

Kuchinja alikuja baba mdogo, mzee Kingori, mdogo wake baba, aliyevuka ua na kisu chake mwenyewe akikitemea mate na kukifuta kwenye suruali. Alimchuna mbuzi vizuri, akamtundika, kisha akaenda kwake kuleta majani ya mgomba ya kuwekea vipande. Kwetu mbuzi hakatwi hovyo. Wazee wana chao, mama wa nyumba ana chake, vijana wana chao, na masikio ni ya mabinti. Hata binti awe na mvi kama mimi, maadamu ni binti wa boma, sikio ni lake. Wasemao husema ni ili asikie akiambiwa.

Baba mdogo aliporudi na majani yake, hakukuwa na kitu cha kuweka juu yake. Kinuthia alikuwa amechukua panga akamcharanga mbuzi mzima vipande vidogo vidogo, kama wafanyavyo kwenye baa za mjini, akamwaga vyote kwenye waya wa kuchomea na kunyunyiza chumvi. Bega, mbavu, mgongo, vyote vimechanganyika. Kichwa tu ndicho kilichopona, amekitupa pembeni juu ya gunia.

Baba mdogo alisimama na majani yake mkononi. "Ati umefanya nini?"

"Nimeharakisha, Uncle. Tunataka kuondoka mapema, kuna jam ya magari pale Kenol."

"Na ya wazee iko wapi? Ya mama yako iko wapi? Nani arikwambia ukate mbuzi kama sukuma wiki?"

"Uncle, nyama ni nyama. Bottom line ni kila mtu ashibe."

Nilijizuia kumrukia kwa sababu mama alikuwa ameketi pale mlangoni, amevaa koti lake la kanisani na viatu vimefungwa kamba. Sikujiuliza kwa nini ana viatu. Kila siku nikirudi shuleni humkuta hivyo, nikadhani ni baridi.

Nyama ilipoiva Kinuthia akampelekea sahani iliyojaa. Mama aliitazama muda mrefu, akageuza kipande kimoja kwa kidole, akageuza kingine.

"Yangu ni gani?" akauliza.

"Zote ni zako, Mum. Kula."

"Sikuuliza hiyo. Yangu ni gani?"

Kinuthia akacheka, na hapo nikapasuka. Kwa sababu mimi najua, na yeye hajui, maana huja Krismasi na kuondoka kabla vyombo havijakauka. Majina yamemtoka mama, lakini nyama haijamtoka. Wakati wa Pasaka baba mdogo alipokuwa akikata na kugawa, mama alikuwa akitazama kila kipande na kusema ni cha nani, bila kukosea. Lilipokuja sikio, alilitazama, akanitazama mimi, akasema, "Wakonyo." Kwa siku nyingi alikuwa hajaniita kwa jina langu. Nilitoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe. Na sasa huyu mjinga alikuwa amekuja na panga akacharanga kitu cha mwisho ambacho mama alikuwa bado anakisoma.

"Wewe Kinuthia huna haya!" nilimwambia. "Umetoka Ruiru na jibu mfukoni, umekuja hapa kulitafutia sababu! Umemuuliza nani? Umekaa hapa hata wiki moja ukaona? Mtu anahamishwa kama kabati?"

"Wakonyo, usinipigie kelele mimi si mwanafunzi yako. Mum alichomeka mkono. Mum alipotea. Ukitoka hapa asubuhi nani ako na yeye?"

"Jirani."

"Jirani gani? Huyo wa kuchungulia kwa fence?"

"Afadhali jirani wa kuchungulia kuliko mtoto wa kutuma kidole gumba kwa simu!"

"Mimi nimekuja na gari. Wewe umekuja na nini? Kelele?"

"Mama haendi popote. Hilo limekwisha. Hakuna mjadala."

Kinuthia aliweka mikono kiunoni, akatabasamu lile tabasamu lake la utotoni, la mtu aliyeona jibu nyuma ya kitabu. "Haya, Mwalimu. Na hiyo si bottom line pia?"

Lau ningekuwa na chaki. Nilitafuta kitu cha kumrushia, nikapata mwiko, na baba mdogo akanishika mkono. Nilitukana. Sitaandika nilivyotukana, maana wapo wazazi walionikabidhi watoto wao. Nilimwambia tangu azaliwe amekuwa mtu wa kudesa, wa kunakili majibu, na kwamba baba angefufuka angerudi kaburini kwa kumwona. Yeye naye akaniambia nimeng'ang'ania mama kwa sababu sina mtu mwingine wa kunisikiliza. Hilo linanichoma hadi leo.

Nasirumbi alikuwa akiosha sufuria bombani. Aliiweka chini, akajifuta mikono kwa leso yake, akapita katikati yetu kana kwamba sisi ni kuku, akachuchumaa mbele ya mama.

"Samahani, mimi ni mgeni kwa hii mambo yenu," akasema bila kututazama. "Lakini Mama mwenyewe ameulizwa?"

Nikafungua mdomo nijibu kwa niaba yake. Mama akainua kiganja, kile chenye kovu la moto, nikaufunga.

"Kwanza," mama akasema, "hiyo kitu mnaita bottom line tangu asubuhi ni nini?"

Kinuthia akanitazama. Ilibidi nieleze, mimi mwenyewe, nikihema bado. "Ni ile inabaki, Mama. Ukiweka kila kitu, halafu utoe yenye inatoka, ile inabaki chini."

Mama akafikiri. "Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Na yangu mliweka wapi?"

Mafuta yalikuwa yakidondokea makaa na kuchachatika. Kinuthia alijitia kugeuza nyama ambayo ilikuwa imeungua tayari.

"Kingori," mama akamwita shemeji yake, kwa jina lake, sawasawa, "leta hiyo kichwa." Kisha akamgeukia Nasirumbi. "Na wewe mama, ingia kwa rumu yangu. Chini ya kitanda iko kiondo. Niletee."

Baba mdogo akababua kichwa juu ya moto, akaanza kukwangua manyoya. Nasirumbi akatoka na kiondo kikubwa, kimejaa, kimefungwa mdomo kwa kamba ya mkonge. Mama akakifungua magotini. Ndani kulikuwa na Biblia yake, blanketi, sweta mbili, na soksi nene za baba alizonikataza kuzigawa baada ya mazishi. Vilikuwa vimekunjwa vizuri, si kazi ya asubuhi moja.

Nilimrukia Kinuthia. "Ulimpigia simu! Ulimwambia apange!"

"Haki sikupiga," akasema, na uso wake ulionyesha kwamba ni kweli.

"Ni mimi nilipanga," mama akasema. "Siku ile sufuria ilinichoma."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Nilimwuliza kwa sauti ya darasani, nasikitika kusema, maana sina nyingine.

"Nikuambie saa gani, Wakonyo? Asubuhi unakimbia. Ukienda mimi navaa viatu nakaa hapa kwa mlango, ndio moto ikinishinda nitoke. Naogopa hiyo moto. Naogopa nikilala niamke sijui hii ni nyumba ya nani. Nangoja wewe. Ukikuja uko na hasira ya shule. Ukimaliza hiyo uko na hasira ya Kinuthia. Mimi nasema, wacha, kesho." Alifunga kiondo tena, akavuta kamba kwa meno. "Baridi hii inanikula mifupa. Mimi nitaenda na yeye."

Niliona viatu vyake, zile kamba zilizofungwa mafundo mawili mawili, na jioni zote nilizompita pale mlangoni nikilalamika kuhusu mwalimu mkuu. Nilikasirika kuliko nilivyokasirika asubuhi yote, na mara hii sikuwa na wa kumkasirikia ila mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mimi.

Kinuthia alishaanza kutabasamu. "Si niliwaambia? Sasa, Mum, twende tuchukue na zile—"

"Wewe usicheke," mama akamkata. "Sijamaliza. Nyumba haifungwi. Wakonyo analala hapa na moto inawashwa kila siku. Shamba hapewi mtu."

"Lakini Mum, nilishaongea na mtu, tumekubaliana."

"Mwambie mwenye shamba amekataa. Na mvua ya mwere ikianza unanirudisha."

Mvua ya mwere ni mvua fupi, za Oktoba. Kinuthia akajikuna kichwa, akaanza kusema mambo ya kazi, na barabara, na kwamba Oktoba ni mwezi wa ukaguzi wa hesabu ofisini. Mama akamngoja amalize.

"Nikifika huko nitasahau," akamwambia. "Najua nitasahau. Nitakaa kwa nyumba yako nifikirie ndio kwangu. Sasa wewe ndio utakumbuka. Mimi nikisahau kurudi, wewe ukumbuke."

Ndugu yangu, meneja wa fedha, alitazama viatu vyake vyenye matope. "Sawa, Mami," akasema, kwa lile jina alilomwita akiwa mdogo.

Baba mdogo alileta masikio, yote mawili, yamechomwa mpaka ncha zimekuwa nyeusi, juu ya jani la mgomba. Mama akachukua moja. Alinitazama kwa muda, nikamwona akilitafuta jina langu, akipapasa kama mtu anayetafuta kibiriti gizani, na mara hii hakulipata. Lakini sikio alijua ni la nani. Aliliweka mkononi mwangu.

"Kula," akasema.

La pili, kwa desturi, lilikuwa langu pia. Mama akalinyoosha kwa Kinuthia.

"Ai, hiyo ni ya wasichana!" baba mdogo akapiga kelele, l zake zikigeuka r kama kila anapokasirika. "Hiyo mwanaume hari!"

"Na huyu pia hasikii," mama akasema. "Kula."

Tukala, kila mmoja amesimama upande wake wa moto. Nimekula masikio ya mbuzi tangu nikiwa na meno ya utotoni na sijui yalikuwa yakienda wapi. Ni gegedu tupu, hayana nyama, hayatafuniki upesi, na ukiwa nayo mdomoni huwezi kusema neno. Nilikuwa na hasira ya kutosha kubomoa banda: na Kinuthia, na baridi, na ile Ruiru yake, na mimi mwenyewe, na Oktoba kwa kuwa mbali. Mama alikuwa akiongea. Alisema kuku wa madoadoa ana mayai nyuma ya banda, kwamba ng'ombe hapendi kukamwa na mtu mwenye mikono baridi, kwamba makaa yafunikwe kwa majivu nikienda kulala, kwamba anapenda kukaa karibu na dirisha, kwamba chai yake isitiwe sukari nyingi. Mengine alirudia. Mengine nilikuwa siyajui, nikiwa naishi naye nyumba moja.

Nasirumbi alisimama nyuma ya kiti cha mama, amemshika mabega. Mama aliongea mpaka moto ukaanza kufifia na ukungu ukapanda mlimani, na hapakuwa na aliyemkatiza.